Umeingia kanisani kwetu Jumapili. Jumatatu ufanye nini?

Kila Jumapili kuna sura mpya kwenye benchi za nyuma. Wengine wamehama kutoka sehemu nyingine za mji wetu wa Bukavu, kama Bagira au Panzi. Wengine walikimbia Kalehe au Walungu wakapokewa na ndugu zao. Na wengine ni wa hapa hapa Kadutu, ila walifungiwa mlango kwingine: binti aliyeshika mimba bila ndoa, mama aliyeachwa na mume, kijana aliyeuliza maswali mengi kuliko wazee wa kanisa lake walivyoweza kuvumilia. Ibada ikiisha wananifuata, wananishika mkono, na swali ni lile lile: "Mama shemasi, sasa mimi nitafanya nini hapa?" Kulijibu mlangoni huku watu wanasukumana kutoka ni kulijibu nusu. Haya ndiyo majibu kamili, ya wiki nzima.

Kwanza ujue uko wapi

Sisi ni Waprotestanti wa Kanisa la Kristo katika Kongo, ule mwavuli uliokusanya jumuiya za Kiprotestanti mwaka 1970. Jumuiya hizo zina namba, na watu wa Kivu tunajuana kwa namba: CBCA ni ya 3, CELPA ni ya 5, CEPAC ni ya 8. Parokia yetu nayo ina namba yake, ila siitaji, kwa sababu wenzetu wa namba hiyo hiyo hawafanyi wote kama sisi, na sitaki simu za wachungaji wao.

Mambo yanayotutofautisha ni machache. Mchungaji wetu ni mwanamke. Mwite Pasta, basi, kama ungemwita mwanaume, na mumewe mwite Baba pamoja na jina la mtoto wao mkubwa. Binti mwenye mimba hasimamishwi mbele ya watu, wala hanyimwi Meza ya Bwana. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anahudumu mezani kama shemasi mwingine yeyote. Swali gumu halihesabiwi kuwa upungufu wa imani. Na kuna wengine kati yetu ambao habari zao si zangu kuandika. Kanuni tuliyo nayo ni kwamba mtu hajadiliwi asipokuwepo, na anayeivunja anakatizwa hapo hapo hata kama ni mzee wa kanisa. Wanaotupenda wanatuita kanisa lililofunguka. Wasiotupenda wana jina lao, utalisikia kabla hujafika njia panda ya Feu Rouge.

Lakini hayo yote Jumapili huyaoni. Jumapili makanisa ya mji huu yanafanana: ngoma, kwaya, mahubiri marefu, matangazo marefu zaidi. Tofauti iko kati ya Jumanne na Jumamosi. Mimi naamini kanisa halikupokei siku linapokupigia makofi na kukuambia "karibu sana mgeni". Linakupokea siku linapokukabidhi ufunguo, daftari au sufuria. Kwa hiyo usingoje uzoeleke ndipo ushike kazi. Shika kazi, kuzoeleka kutakuja kwenyewe.

Barua, na wasio na barua

Ukitoka parokia nyingine, omba barua ya utambulisho kwa mchungaji wako wa zamani, ilete ofisini. Inaonyesha ulibatizwa wapi na ulikuwa katika huduma gani. Ni karatasi moja, inaokoa maneno mengi.

Kama ulitengwa na hawataki kukupa barua, usitafute ya kuandikiwa barabarani. Njoo mikono mitupu. Pasta atakaa nawe pamoja na mzee mmoja wa kanisa, na ukitaka awe mama utapewa mama. Watakuuliza ulibatizwa wapi, unaishi avenyu gani, na mikono yako inajua kazi gani. Sababu ya kutengwa hawaulizi na haiandikwi popote. Ukitaka kueleza, eleza. Nimeona watu wanakuja na hotuba ya kujitetea waliyoipanga usiku kucha, halafu wanaulizwa kama wanajua kupika kwa ajili ya watu wengi, na hotuba inabaki mfukoni.

Avenyu itaje vizuri, maana daftari letu linapangwa kwa avenyu, na hapo ndipo kikundi chako kilipo, katika kartie (mitaa) za Nyamugo, Mosala, Nkafu, Cimpunda, Kasali na kadhalika. Ukihama nyumba, sema. Bukavu watu wanahama kila bei ya nyumba inapopanda, na mama wa kikundi anaweza kupanda kilima kizima kukutafuta mahali ulipotoka mwezi uliopita.

Usianze na kwaya

Najua unataka kuimba. Kila mgeni anataka kuimba. Tuna kwaya ya wamama, ya wababa, ya vijana, ya ekodim (watoto wa shule ya Jumapili), na moja iliyozaliwa na ugomvi ndani ya ile ya vijana. Mimi ni fundi cherehani, uniformu za kwaya ndizo zinalisha watoto wangu, na bado nakuambia usianze huko. Kwaya ni kikwembe kipya kila sikukuu, ni mazoezi siku mbili kwa wiki, ni mchango wa arusi na wa msiba wa kila mwimbaji. Mtu aliyeanza maisha upya mjini anabanwa mwezi wa kwanza, anaona haya kusema, anapotea kimya kimya. Tunasema "amerudi nyuma kiroho", kumbe amekosa pesa ya kushonesha. Imba kwenye benchi mwaka mmoja. Sauti haitaoza.

Jumatatu Pasta anapumzika. Usimpigie isipokuwa kuna mtu amekufa.

Jumanne: sanduku

Saa nane mchana, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, AVEC, kikundi chetu cha akiba na mikopo, inakutana. Usiichanganye na likelemba. Kwenye likelemba pesa inazunguka, leo mimi, kesho wewe. AVEC ni akiba inayokaa, inakopeshwa kwa wanachama, halafu inagawanywa pamoja na faida yake mwisho wa mzunguko. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijiji vya Maradi, ukaenea Afrika, na hapa Kivu sijui kartie ambayo haina.

Sanduku letu ni la bati. Lina kufuli 3, na funguo ziko kwa wanawake 3 wa avenyu tofauti. Anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Tunakaa duara, kila mtu na namba yake. Namba ikiitwa unapeleka kijitabu na pesa mezani. Wa kwanza anahesabu kwa sauti, wa pili anarudia, pesa inaanguka kwenye bakuli la plastiki mbele ya macho ya wote, na mwandishi anagonga muhuri kwenye kijitabu chako, muhuri mmoja kwa kila hisa, kuanzia 1 hadi 5. Nafasi za hisa ambazo hukununua zinapigwa mstari palepale, ili mihuri isije ikazaana nyumbani. Mama asiyejua kusoma anapitisha kidole juu ya mihuri yake na anajua ana kiasi gani. Kabla ya kufunga, pesa iliyobaki ndani inatajwa kwa sauti na wote tunaikariri. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, mtu yeyote anaweza kunyooshewa kidole: "Namba kumi na moja, tuliacha kiasi gani?" Usiposhika, faini.

Mzunguko wetu unaanza Septemba na kuisha Agosti, ili pesa ifike mkononi kabla ya minervali (ada ya shule) ya watoto. Ukija katikati hutaandikwa, ila njoo ukae, usikilize, ushike majina. Mzunguko mpya ukifunguka watakuwa wanakujua. Ukishaingia, hisa moja kila wiki bila kukosa inakujengea heshima kuliko tano leo halafu kutoonekana mwezi mzima. Mkopo hauzidi mara 3 ya akiba yako, na utaulizwa wa nini. Jibu "biashara" halitoshi. Sema sambaza (dagaa wa ziwa), au mkate, au makala (mkaa), na utauzia wapi. Msiba, ugonjwa na kujifungua vina mfuko wao wa kando, hauna riba, na huo ndio unaonifanya niite shughuli hii kazi ya kanisa bila kuona aibu.

Wababa wanaruhusiwa. Wanaokuja ni wachache, na huwa wanachelewa, na faini zao zinatusaidia sana.

Tangu vita viingie mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, watu waliokuwa wanacheka bati letu wamekuja kuomba namba. Ndiyo maana sanduku halilali kanisani. Linalala kwa nani, siandiki, nawe usiulize.

Jumatano: Biblia iliyofunguliwa katikati

Vikundi vya avenyu vinakutana nyumbani kwa watu saa kumi jioni, na saa kumi na moja na nusu kila mmoja awe njiani kurudi. Mji si ule wa zamani, hatutaki mtu apatwe na giza. Nyumba inachaguliwa kwa ngazi zake: Kadutu ni mlima, na kama kuna mzee anayetembea kwa magongo katika kikundi, tunakutana kwa aliye karibu na barabara, hata kama sebule yake ni ndogo na tutakaa hadi jikoni. Mwenye nyumba haandai chakula. Hilo tumelikataza, kwa sababu chai inakuwa chai na mandazi, mandazi yanakuwa bugali na sombe (kisamvu), na mwisho maskini hawathubutu kutukaribisha.

Siku moja utaombwa kuongoza. Usitetemeke, hauhubiri. Anayeongoza anauliza tu. Nikupe mfano wa sura tunayoisoma kila mwaka na ambayo hutaisikia mara nyingi mimbarani: 2 Samweli 13, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 22. Mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, polepole, yote. Halafu watenge: wababa chini ya mti au uani, wamama ndani. Kila upande uulizwe maswali yale yale. Ni nani wote waliomo katika habari hii? Nani alijua kabla? Yonadabu alitoa shauri gani? Tamari alisema nini, na nani alimsikiliza? Absalomu alipomwambia dada yake anyamaze, alikuwa anamlinda nani? Daudi alikasirika sana, sawa, kisha akafanya nini?

Kisha waite warudi pamoja, kila upande useme ulichoona. Kwetu wababa karibu kila mara wanaanza na Amnoni na hasira yao juu yake. Wamama wanaanza na yule mtumishi aliyemtoa Tamari nje na kukomea mlango, mtu ambaye wababa hata hawakumwona. Hapo mazungumzo yanaanza kweli. Wewe kaa kimya. Ukijibu kwa niaba ya Biblia umeharibu. Mtu akisema "sijui", mshukuru upite kwa mwingine. Na mwisho usimwombe Pasta atoe jibu sahihi. Akiwepo, amekuja kama mtu wa avenyu.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri. Sura hiyo ikisomwa, siku nyingine mama au binti anabaki nyuma watu wakitoka, na anakuambia lililompata. Usimuulize habari kwa undani. Usiite wazee. Usianze kwa kumwekea mikono na kufukuza pepo. Muulize lilitokea lini, basi. Kama masaa 72 hayajapita, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI bado zinaweza kufanya kazi, na zikianza mapema ni bora zaidi. Vidonge vya kuzuia mimba vinawezekana hadi masaa 120. Nguo alizokuwa amevaa asizifue, aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Akikubali, na ni yeye anayekubali, nendeni Hospitali ya Panzi usiku huo huo au alfajiri. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye mwenyewe ni mwana wa mchungaji, na aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Huko mtu aliyebakwa anapata matibabu, mtu wa kuzungumza naye, msaada wa sheria, na njia ya kusimama tena kimaisha. Hata kama masaa yamepita, hata kama ni miaka, bado mlango upo. Mama shemasi wa zamu ana pesa ya usafiri iliyotengwa kwa ajili hiyo tu. Mpigie, haulizi jina.

Familia mbili zikianza kuzungumza habari za mbuzi na dola ili mambo yaishe nyumbani, kanisa halikai kwenye kikao hicho. Sheria dhidi ya ubakaji iko tangu mwaka 2006, na mzee wa kanisa si hakimu. Katika wiki yetu nzima, hapa ndipo sina upole.

Alhamisi: wagonjwa

Tunatembea wawili wawili, mwenyeji na mgeni, na hii ndiyo kazi ya kwanza ninayowapa wengi. Hospitali za kwetu mgonjwa analishwa na watu wake. Kwa hiyo usiende na maua wala na Biblia kubwa. Nenda na sabuni, unga wa sosoma wa uji, bidoni ndogo ya maji safi, na kitu cha kula kwa yule anayemlinda mgonjwa. Mlinzi wa mgonjwa ndiye aliyesahauliwa na wote: analala sakafuni, anakula makombo, hajaoga. Mwambie aende kwake masaa mawili, wewe utakaa. Hilo ndilo maombi wanayoyakumbuka.

Usikae juu ya kitanda. Omba kwa sauti ya chini, kuna mtu wa kitanda cha pili. Usimuulize ugonjwa wake mbele ya wengine, na ukiujua usiubebe hadi Jumapili kwenye matangazo.

Utakutana pia na mtu aliyepona siku nyingi lakini yuko bado wodini kwa sababu ya deni. Usiahidi kitu, hata kama machozi yanakulenga. Omba kuona faktira, andika kiasi na tarehe, ilete kwenye kamati ya diakonia. Tukikubali, tunalipa wenyewe dirishani na risiti inabaki kwetu. Pesa haipitii mkononi mwa ndugu, wala mkononi mwa shemasi.

Ijumaa ni ya vijana. Wana majadiliano yao, wana gitaa, wana kelele. Ukiwa na miaka zaidi ya thelathini hawakuhitaji, labda uwapelekee karanga.

Jumamosi: mtaro, na moto

Asubuhi ni salongo. Tunatoka na majembe na mabeleshi kusafisha mitaro ya avenyu, si uwanja wa kanisa tu. Kuanzia Septemba mvua inashuka kwenye vilima hivi kwa nguvu, na mtaro uliojaa plastiki unageuza njia kuwa korongo, unachukua na ukuta wa jirani. Vaa buti. Wakatoliki na Waislamu wa avenyu wako pamoja nasi, na huyo mzee wa Kiislamu anayeongoza mstari wa chini anajua mwinuko wa maji kuliko sisi wote, msikilize.

Kiangazi kazi ni nyingine. Kati ya Juni na Agosti nyumba za mbao zimekauka, zimebanana, nyaya za umeme zimefungwa kwa kamba, mbabula (jiko la makala) iko karibu na pazia. Moto ukishika nyumba moja, unakula safu. Gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu. Kwa hiyo ujue mapema utafanya nini.

Kwanza watu. Watoto na wazee wanapelekwa ukumbini, na mtu mmoja anasimama mlangoni na daftari akiandika majina yao. Daftari hilo linaandikwa na mkuu wa avenyu pamoja na shemasi, na linafuata nyumba zilizoungua. Halifuati orodha ya waumini. Hatuulizi mtu anasali wapi. Kama utasikia muumini wetu analalamika kwamba "watu wa nje" wamepewa blanketi kabla yake, mpe daftari yeye, aandike, atanyamaza.

Usiku huo huo: sufuria, bidoni, blanketi, mswaki, pedi za wanawake. Nguo zitakuja nyingi kupita kiasi, kila mtu anakumbuka nguo, na zote zinaishia kwenye cherehani yangu kwa sababu nusu yake hazina vifungo. Sufuria ndizo hazitoshi kamwe. Ukitaka kusaidia, toa sufuria yenye mfuniko.

Siku inayofuata ni karatasi. Hapa kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha mtu, na ikiungua mtu hawezi hata kuandikisha laini ya simu. Kuna watu wetu wawili wanaojua njia ya komini na karatasi ya upotevu. Wanasindikiza familia moja moja. Hii ni kazi nzuri kwa mgeni aliyesoma kidogo na mwenye subira ya kupanga mstari. Na hakuna picha. Mtu aliyepoteza nyumba hapigwi picha ameshika ndoo ya msaada, hata kama mfadhili anataka ushahidi. Mfadhili anaonyeshwa daftari.

Jumapili sasa

Ibada ya Kiswahili inaanza saa tatu. Ukiwa mgeni hatukusimamishi utaje jina mbele ya watu. Tulifuta desturi hiyo kwa sababu wapo waliokuja kujificha, na wana haki. Kuna karatasi mlangoni, ukitaka, andika.

Matoleo tunayapeleka kwa kucheza, wamama mstari wao, wababa wao, vijana wao, na kila kundi linataka kulishinda jingine. Furahia, lakini usikope kwa jirani ili uonekane. Ibada ikiisha, watu 3 wasio wa familia moja wanahesabu pesa mezani, mlango wazi, na jumla inabandikwa ukutani kabla hatujaondoka: faranga upande mmoja, dola upande wa pili, pesa ya simu upande wa tatu. Nenda ukaisome, ni haki yako tangu siku ya kwanza. Utaona pia mstari mdogo wa "dola zilizokataliwa". Mji huu hakuna muuzaji anayepokea dola iliyopasuka hata kidogo, basi watu wanampelekea Bwana. Pasta alishasema mimbarani kwamba Bwana naye ananunua makala Kadutu. Hali imekuwa afadhali kidogo.

Mwisho ni mnada uani. Wasiokuwa na pesa wametoa mkungu wa ndizi, yai, kuku, muhogo, na sisi tunanunua. Bei inapandishwa kwa mzaha na mtu anaweza kujikuta amenunua kuku kwa bei ya mbuzi kwa sababu shemeji yake alikuwa anamchokoza. Ukinyoosha mkono umenunua. Lipa palepale kwa mwekahazina, pokea risiti, beba kuku wako. Deni la mnada ni gumu kudai kuliko deni la AVEC, kwa sababu hakuna kufuli, na mimi ndiye ninayetumwa kulidai.